Siku mbili kwenye uwanja wa vita wa Tanga: uzoefu wangu wa mafunzo ya uongozi

Nilikwenda Tanga kwa sababu ya kosa langu. Mimi ni msimamizi wa ghala la vifaa vya ujenzi hapa Dar es Salaam, nina vijana 14 chini yangu. Mwaka jana wakati wa masika niliwatuma watatu kushusha saruji kwa mteja wa Goba, mimi nikiwa ofisini na ramani ya kwenye simu. Njia ya kuingia kwa mteja ilikuwa imekatwa na maji. Lori likaishia mbali, na wale vijana wakabeba mifuko 80 begani, kwenye matope, mpaka saa nne usiku. Mmoja aliacha kazi wiki iliyofuata. Aliponiaga alisema, "Bosi, ungekuja kuona kwanza." Niliposikia kuna mafunzo ya uongozi yanayofanyika palepale Waingereza na Wajerumani walipopigana mwaka 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, nikalipa shilingi 150,000, malazi juu yangu, nikapanda basi.

Basi lilitushusha stendi ya Kange. Sikulijali jina hilo. Kesho yake ndipo nilipoelewa nilikuwa nimeshukia wapi.

Nianze na lililonikera. Saa tatu za mwanzo tulikaa ukumbini tukitazama slaidi za "sifa kumi za kiongozi bora", maneno ambayo kila semina inayo. Feni ilikuwa moja, watu 11. Kama mnapanga kwenda, ombeni sehemu hiyo ifupishwe. Mafunzo yenyewe yalianza tulipotoka na mwongozaji wetu, mwalimu mstaafu wa historia ambaye sote tulimwita Mwalimu, tukashika barabara ya Raskazone hadi ufukweni.

Hapo ndipo Waingereza walipoanza kushusha askari usiku wa kuamkia tarehe 3 Novemba 1914, waiteke Tanga iliyokuwa chini ya Wajerumani. Walikuwa kama 8,000, wengi wao kutoka India, chini ya Jenerali Arthur Aitken. Walikuwa wametoka Bombay katikati ya Oktoba, wamebanana melini, wamechoka kwa kutapika, na hawakupumzishwa Mombasa. Kabla ya kushuka, nahodha wa manowari Fox alikuwa ameingia bandarini asubuhi ya tarehe 2 na kuutaka mji usalimu amri. Mji haukusalimu. Yeye akapoteza muda akitafuta mabomu ya baharini ambayo hayakuwapo, huku kamanda wa Wajerumani, Luteni Kanali Paul von Lettow-Vorbeck, akiwaleta askari wake kwa reli kutoka Moshi.

Mwalimu alitusimamisha tukiipa bahari mgongo, akauliza, "Mnaona nini mbele yenu?" Tukajibu: miti, kuta, nyumba. "Basi na wao hawakuona zaidi ya hapo. Tofauti ni kwamba waliambiwa waende hivyohivyo." Zamani zile palikuwa na mikoko, kisha mashamba ya mpira, mkonge na mahindi marefu. Waliingia humo bila upelelezi wa maana. Askari hakumwona mwenzake wa kulia wala wa kushoto, na upande wa pili, kwenye mkato wa reli, bunduki za rashasha zilikuwa zinawangoja. Milio ikachokoza nyuki kwenye mizinga ya mitini, nao wakawauma watu wa pande zote mbili. Wengi wanaikumbuka vita hii kwa nyuki, lakini Mwalimu hakukaa sana hapo, na alifanya vizuri. Nyuki hawakumshinda Aitken. Alikuwa ameshashindwa kabla hawajaruka.

Siku ya pili ndiyo iliyolipa nauli yangu. Tuliamshwa saa tisa usiku, tukapelekwa Kange kwa bajaji, na pale tukakuta baiskeli za kukodi zimepangwa ukutani. Usiku wa kuamkia tarehe 4, Lettow-Vorbeck aliteremka kwenye treni hapo Kange. Hakusubiri taarifa. Alichukua baiskeli, akaingia mjini na wenzake wawili, wakapita mitaa mitupu, akafika mpaka Raskazone kuziangalia meli za adui kwa macho yake. Ziliwaka taa, zilikuwa na kelele. Akarudi akijua adui yuko wapi, na ardhi ya kupigania ikoje.

Nasi tukaendesha. Giza, harufu ya bahari, mbwa wawili watatu, mlinzi mmoja aliyesimama kutushangaa. Baiskeli yangu ilikuwa na taa mbovu na mnyororo uliotoka mara mbili. Waandaaji warekebishe hilo, maana mama mmoja wa kundi letu nusura aingie mtaroni. Lakini niliposhuka pale ufukweni, mikono imenata grisi, nikaona taa za meli moja iliyotia nanga, nilimkumbuka yule kijana wa Goba. Kutoka ghalani kwetu hadi kwa yule mteja ni safari ya bodaboda tu. Mtu mwenye jeshi la kuongoza alipanda baiskeli usiku, na mimi sikupanda bodaboda mchana.

Mwalimu hakutuacha tumtukuze Lettow-Vorbeck, na hili ndilo linalonifanya niyasifu mafunzo haya. Mchana tulirudi Kange akatueleza jioni ya tarehe 4. Mashambulizi ya Waingereza yalikuwa yamevunjika, ingawa baadhi ya askari wao walikuwa wamefika hadi ndani ya mji. Tarumbeta za Wajerumani zikapigwa, ishara ikaeleweka vibaya, na askari wakaondoka mjini wakarudi kambini, hapa Kange. Usiku ule Tanga ilibaki wazi. Aitken angeingia akiwa amelala juu ya farasi, ila hakujua. Tarehe 5 alipandisha watu wake melini wakaondoka, wakaacha ufukweni bunduki za rashasha 16 na risasi 600,000. Waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea upande wake walizidi 800. Baadaye alishushwa cheo.

Kisha zoezi. Tuligawanywa makundi mawili, moja upande huu wa uwanja, jingine kule mwishoni, na amri zikatolewa kwa filimbi tu: mlio mmoja songa, miwili simama, mitatu rudi. Pikipiki ikapita. Kundi letu lilisikia miwili, wenzetu wakasikia mitatu, na ndani ya dakika tano tulikuwa tumetawanyika, kila mmoja akiwa na hakika kwamba yeye ndiye aliyetii. Dada mmoja, muuguzi mkuu wa wodi, alisema kwao zamu ya usiku hupokea maagizo ya dawa kwa simu, na tangu siku hiyo anataka anayepokea ayarudie kwa sauti. Tulilijadili hilo kwa saa nzima, nadhani hakuna aliyetazama simu yake.

Lililopungua ni watu wa chini. Tulikwenda makaburi ya Wajerumani, walikozikwa pia askari Waafrika waliokufa katika vita hii, tukakaa pale dakika kumi tu. Kuhusu wapagazi, karibu hakuna neno. Nami nafanya kazi jirani na Kariakoo, jina lililotokana na kile kikosi cha wapagazi wa Waingereza, na kila nikienda Posta napita chini ya Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927. Vita hivi viliendelea hadi Novemba 1918, Lettow-Vorbeck akisalimu amri Abercorn (leo Mbala, Zambia) wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza, na wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa na maradhi zaidi kuliko risasi. Vijiji vilinyang'anywa chakula na pande zote mbili. Kiongozi anayesifiwa kwa kutoshindwa alibebwa na mabega ya nani? Kwa mtu ninayeongoza watu wa kubeba, swali hilo lilistahili nusu siku.

Nilimwambia Mwalimu hivyo wakati tunaagana. Hakukasirika. Alisema, "Mwanangu, umesema kweli. Watu wanaolipa huwa wanataka habari za makamanda." Kisha akaandika kitu kwenye daftari lake.

Kwa anayefikiria kwenda: vaa viatu vilivyofungwa, beba maji yako na tochi ya kichwani, na usiende Machi au Aprili, utalowa. Chakula cha mchana siku ya kwanza kilichelewa mpaka saa tisa. Siku ya pili tulikula wali wa nazi na samaki wa kupaka, nzuri sana. Cheti wanatoa, mimi sikukihitaji.

Mwezi wa tisa narudi na vijana watatu wa ghala, wakiwemo wawili wa siku ile ya Goba. Nimeshawaomba waandaaji tuanzie Kange kwenye baiskeli, ukumbi tuuruke, na ile nusu siku tuitumie makaburini.