Tahadhari kwa wenye magari ya supachaja Arusha na Moshi: "Walbro 255" za laki na ishirini ni feki

Wakuu, kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya magari ya Arusha na Moshi akiuza anachokiita "seti kamili ya mafuta" kwa magari yenye supachaja (mashine inayozungushwa na injini na kusukuma hewa zaidi ndani yake). Ndani ya seti kuna pampu ya tenki iliyoandikwa Walbro 255 (jina la kampuni ya pampu za mafuta), nozeli nne au sita za kupulizia mafuta kwenye injini, regyuleta ya presha ya mafuta yenye geji, mipira na klipu zake. Pampu ukiitaka peke yake ni laki moja na ishirini. Duka hana. Leo atakwambia yuko Unga Limited hapa Arusha, kesho mzigo uko stoo Moshi, unatuma hela yote kwa simu ndipo seti inapandishwa basi. Pampu hizo si Walbro, na nozeli hazilingani. Kama umeshalipia, soma hadi mwisho kabla hujaenda kwa fundi. Kama umeshafunga, usikanyage mafuta kwa nguvu mpaka upime.

Anzia kwenye bei. Walbro halisi ya lita 255 kwa saa, ile ya namba GSS342, inauzwa karibu dola 100 hukohuko Marekani, kabla ya usafiri na ushuru. Haiwezi kufika Arusha ikauzwa nusu ya hela hiyo na muuzaji akabaki na faida. Boksi na stika visikupumbaze, vinachapishwa vizuri kuliko pampu yenyewe ilivyotengenezwa. Kuna watu wanalinganisha picha za boksi kwenye simu halafu wanaridhika. Kinachosema ukweli ni kipimo.

Ubaya wa pampu hii ni kwamba gari litawaka, litaunguruma vizuri likiwa limesimama na litazunguka mjini bila shida, kwa sababu injini ikitembea taratibu inakula mafuta kidogo sana. Shida iko kwenye mzigo. Injini yenye supachaja inayotoa nguvu za farasi 300, ikivuta kwa nguvu zote, inakula takribani lita 110 za petroli kwa saa. Ongeza akiba ya robo, unafika karibu lita 140. Tena mafuta hayo yanatakiwa yafike presha ikiwa juu: kama regyuleta imewekwa psi 43 na supachaja inasukuma psi 10, presha ya kwenye reli (bomba linalogawa mafuta kwa nozeli) inapanda hadi psi 53. Pampu feki ukiiacha wazi inatema vizuri tu, ukiibana inalegea. Hapo mchanganyiko unakuwa hewa nyingi mafuta kidogo, injini inagonga (mafuta yanalipuka ovyo ndani ya silinda), joto linapanda ghafla, kisha kingo za pistoni kwenye ringi zinavunjika au kichwa cha pistoni kinayeyuka. Inaweza kutokea ndani ya sekunde chache, na taa ya "check engine" isiwake kabisa.

Sasa kuna jambo la huku kwetu ambalo muuzaji hatakwambia. Arusha iko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi. Supachaja inazidisha hewa inayoikuta, hivyo ukiteremka kuelekea Tanga au Dar es Salaam injini ileile, kwa puli ileile, inameza hewa zaidi kwa asilimia 15 hivi au kuzidi, na mafuta yanatakiwa yaongezeke kwa kiwango hichohicho. Gari linaloonekana zima kwenye mlima wa Njiro linaweza kuanza kugonga ukishapita Same, na ukifika Korogwe kwenye joto, pampu dhaifu haina tena pa kujificha. Kwa hiyo "fundi alijaribu Arusha likaenda safi" si ushahidi wa kutosha. Wenye Mercedes za Kompressor, zinazokuja na supachaja, waliobadilisha puli wakaweka ndogo ndio walio hatarini zaidi, maana puli ndogo inazungusha supachaja kwa kasi zaidi wakati pampu ni ileile.

Kupima si kazi ngumu ila ni petroli, kwa hiyo fanyia nje, injini ikiwa imepoa, kizima moto cha unga kikiwa karibu, na chaja ya betri ikae mbali na mafuta. Toa mpira wa kurudisha mafuta unaotoka kwenye regyuleta, uelekeze kwenye dumu lenye alama za lita. Gari lisilo na mpira wa kurudisha, funga regyuleta ya majaribio kwenye laini ya kwenda kwenye reli. Tumia geji unayoiamini, si ile iliyokuja na seti. Unganisha chaja ili volti zifike 13.5, na uzipime kwenye pini za pampu yenyewe, si kwenye betri. Washa pampu kwa kuruka rilei (kuunganisha waya moja kwa moja bila kupitia rilei), sekunde 30. Kwa psi 43, pampu halisi inatoa karibu lita 2. Pandisha regyuleta hadi psi 53 urudie: halisi inabaki juu ya lita 1 na nusu. Ukipata chini ya lita 1.2 hapo, pampu hiyo haiwezi kulisha farasi 300 kwa usalama, hata iwe imeandikwa nini.

Ukimpigia muuzaji atasema waya za gari lako ni mbovu. Ndiyo maana volti zinapimwa kwenye pampu. Na kweli waya za zamani zinapoteza volti, kwa hiyo vuta waya mpya wa milimita 4 za mraba kutoka betri kupitia rilei, fyuzi ya ampia 20 ikiwa karibu na betri. Ukishafanya hivyo na bado mafuta ni machache, hana tena kisingizio.

Nozeli ndizo zinazotutia hofu zaidi. Kwa farasi 300 kwenye silinda 4, kila nozeli inapitisha karibu cc 460 kwa dakika, na kwa kuwa haitakiwi kufunguka zaidi ya asilimia 80 ya muda, unahitaji ya cc 575 hivi. Usikubali namba ya stika. Zipeleke kwenye mashine ya kupima nozeli, kila moja na chupa yake, tofauti isizidi asilimia 3. Ikiwepo moja inayotoa pungufu kwa asilimia 15, pistoni ya silinda hiyo ndiyo itakayoungua, na sensa ya eksozi haitakuonya kwa sababu inasoma wastani wa silinda zote. Angalia pia kichujio kidogo kilicho mdomoni mwa nozeli: kikiwa na rangi ya kahawia ujue ni nozeli iliyotumika, imeoshwa na kuwekewa oringi mpya.

Mpira wa ndani ya tenki lazima uwe na maandishi SAE J30R10, aina inayovumilia kuzama kwenye petroli. Mpira wa kawaida unavimba, unapasuka, presha inavujia humohumo ndani ya tenki na wewe unabaki kulaumu pampu. Regyuleta ya seti nayo, chomoa kimpira chake cha hewa baada ya gari kuunguruma dakika chache. Kikitoa petroli, ngozi ya ndani imechanika na mafuta yanaingia kwenye manifoldi. Zima gari, usiendeshe.

Anayenunua kwa mtu yeyote, pima kwanza mbele yake ndipo ulipe, na udai risiti ya EFD. Uliyetapeliwa, hifadhi meseji za muamala na mazungumzo yote, fungua jalada polisi, na uwapelekee taarifa FCC (Tume ya Ushindani), maana bidhaa bandia ni kazi yao. Namba inayokutumia meseji za kitapeli itume 15040. Pampu yenyewe baki nayo na boksi lake. Usimrudishie kwa basi kwa ahadi ya kubadilishiwa kabla hela yako haijaingia, kwa sababu ikimfikia atamuuzia mwingine.