Nilivyounda gari juu ya sakafu ya Volkswagen Beetle: uzoefu wangu

Huu ni mwaka wa pili naendesha gari nililoliunda mwenyewe, bodi ya faibaglasi ya kununua iliyofungwa juu ya sakafu ya Volkswagen Beetle. Sakafu hiyo naipenda na ningeichagua tena. Ila aliyeniuzia bodi aliniambia kwamba sakafu ya Beetle ni "chesisi kamili", yaani fremu inayojitosheleza kubeba gari, nami nikamwamini. Kwa kumwamini nilifanya kazi mara mbili.

Nianze na uzuri wake. Ukishafungua bolti za pembeni, bodi ya chuma inanyanyuka yote, na chini inabaki kitu kinachoweza kusukumwa kwa magurudumu yake: breki, giaboksi, na injini ya nyuma inayopozwa kwa hewa, isiyo na rejeta wala bomba la maji. Katikati lipo lile nundu la chuma. Humo ndani mnapita fimbo ya gia, waya wa klachi, waya wa akselereta na bomba la petroli. Bruce Meyers wa Marekani alianza gari lake la mchangani la Manx mwaka 1964 kwa bodi iliyojibeba yenyewe, kisha akahamia kwenye sakafu hii kwa sababu ilimpunguzia kazi na gharama.

Magari ya namna ya Manx hukatwa sakafu kiasi cha sentimita 36, na ukikata hivyo, fimbo na nyaya zote nazo hupunguzwa. Mimi nilichagua bodi ya sakafu nzima, ile ya sentimita 240 kati ya ekseli na ekseli, nisiguse chochote.

Shida ilijitokeza siku nilipopiga jeki kona ya nyuma: mlango wa kushoto ukagoma kufunga. Nikashusha gari, ukafunga. Nikarudia mara tatu, ni vilevile. Baadaye kona ya kioo cha mbele ikaanza kupasuka.

Sababu niliipata nilipoitazama tena bodi ya zamani. Chini ya milango yake kuna maboksi mawili ya chuma yenye uwazi ndani, yale yanayopeleka hewa ya moto mbele. Hayo ndiyo yanayokaza gari pembeni, na ni sehemu ya bodi. Ukiondoa bodi, yanaondoka nayo. Sakafu inabaki mabamba membamba yaliyoshikwa na nundu la katikati, na faibaglasi haiwezi kushika nafasi ya chuma kile. Kitabu cha maelekezo hakikugusia hata kidogo, na hilo bado linaniuma.

Ilibidi nivue bodi yote. Nilichomelea mabomba ya mraba kila upande, nikayaunganisha mbele na nyuma, nikayafunga kwa bolti kwenye matundu yaleyale ya asili, ndipo nikarudisha bodi. Sasa napiga jeki kona yoyote na milango inafunga.

Kabla ya kununua sakafu, gonga kwa nyundo upande wa kulia chini ya kiti cha nyuma, pale betri inapokaa. Asidi imekula nyingi hapo. Yangu nilibadilisha bamba zima. Epuka pia sakafu za Beetle za modeli ya 1302 na 1303: shokabsoba zake za mbele hushikwa juu na bodi, na bodi ya faibaglasi isiyotengenezwa kwa ajili yake haina pa kuzishika.

Kitu kimoja zaidi. Springi za mbele zimepimwa kwa uzito wa bodi ya chuma, na ya faibaglasi ni nyepesi zaidi, kwa hiyo gari langu lilisimama pua juu, na kwenye mvua magurudumu ya mbele yalikuwa yanajifunga mapema nikikanyaga breki. Fundi alipunguza majani kadhaa ya springi, yale mabamba membamba ya chuma yaliyo ndani ya mirija ya mbele. Pua imeshuka, na usukani una uzito ninaoutaka.