Hyena Dam, Mbuga ya Taifa ya Nairobi: bwawa dogo linalostahili saa mbili zako

Wageni wengi wanaoingia Mbuga ya Taifa ya Nairobi kupitia lango kuu la barabara ya Lang'ata husimama Hyena Dam kwa dakika tano, wakapiga picha ya bata bukini mmoja au wawili, kisha wakaondoka mbio kumsaka simba. Nami nilifanya hivyo hivyo katika safari mbili za kwanza. Safari ya tatu, asubuhi moja ya Februari ambapo nyasi zilikuwa zimekauka hadi mashinani, nilizima gari kando ya maji tangu saa 12 na nusu hadi jua lilipoanza kuchoma, na tathmini hii inatokana hasa na asubuhi hiyo.

Anayetarajia ziwa atavunjika moyo. Hili ni lambo, yaani tuta la udongo lililokatiza bonde la kina kifupi, na nyuma yake maji ya mvua yaliyotuama, yenye rangi ya chai ya maziwa, yaliyozungukwa na matete. Hakuna ukuta wa saruji wala maporomoko ya kupigia picha, na siku za joto harufu ya tope hukufikia hata vioo vikiwa vimefungwa. Ukilipima kwa mandhari peke yake, hutaelewa kwa nini lilijengwa.

Mbuga hii, iliyoanzishwa mwaka 1946, ina kilomita za mraba 117 tu, na imezungushiwa ua pande zote isipokuwa kusini, ambako mpaka wake ni Mto Mbagathi. Kwa kawaida, mvua zinaponyesha, nyumbu na pundamilia hutoka kwa upande huo wa kusini kwenda kulisha katika nyanda za Kitengela na Athi-Kapiti, kisha kiangazi kinapokaza hurejea mbugani kwa sababu maji ya mto na ya mabwawa yaliyochimbwa na binadamu, kama Hyena, Nagolomon na Athi Basin, hayakauki upesi kama vidimbwi vya nje. Kwa hiyo bwawa hili ni sehemu ya mpango wa kuwarudisha wanyama nyumbani, na ndiyo sababu nashauri uende wakati wa ukame, Januari na Februari au Julai hadi Oktoba, ambapo utawaona wakija kwa makundi badala ya kuwatafuta kwa kubahatisha. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba maji hayawezi kuchukua nafasi ya malisho: tangu miaka ya 1970 nyumbu wa nyanda hizo wamepungua sana kadiri nyumba na nyua zilivyojaa Kitengela, na lambo hata likijaa hadi ukingoni haliwezi kulirejesha hilo.

Asubuhi yenyewe ilianza kwa ndege. Korongo taji wawili walitembea kwenye ukingo wa tope kwa hatua za wazee wa baraza, mdiria mweusi-mweupe akaelea hewani mahali pamoja kabla ya kujitupa majini kama jiwe, na kati ya majani yanayoelea alipita yule ndege mwenye vidole virefu mno ambaye hutembea juu ya maji bila kuzama. Karibu saa 2 wakafika pundamilia, nao hawakunywa mara moja. Walisimama mbali kidogo, mmoja akasogea, akarudi, akasogea tena, huku wengine wakiyakodolea macho matete, kwa maana mahali pazuri pa kunywa ndipo pia mahali pazuri pa kuviziwa. Walisita hivyo kwa karibu dakika ishirini, na kwangu mimi huko kusita kulikuwa na thamani kuliko simba aliyelala chini ya kichaka. Mara gari moja la watalii likaja, dereva akaacha injini ikinguruma na abiria wakaitana kwa sauti, na kundi lote likageuka likaondoka na kiu yake. Naomba wasomaji wanaoajiri madereva wawaambie mapema wazime injini.

Kitu kingine ambacho wengi hawakiangalii ni tuta lenyewe. Malambo ya udongo huonekana kama kilima cha kawaida, lakini yana maadui wengi: udongo mweusi wa nyanda hizi huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, mizizi ya vichaka hufungua njia za maji, kwato husaga ukingo, na kila mvua huleta tope linalopunguza kina. Ndiyo maana kila lambo huhitaji mahali pa kumwagia maji ya ziada pembeni, ili mafuriko yasipite juu ya tuta na kulibeba. Heri mbuga hii haina ndovu wa mwituni, kwani tani kadhaa za mnyama mmoja zikipanda na kushuka ukingoni kila siku si jambo dogo.

Kuhusu mambo ya kawaida: ada ya kiingilio hulipwa kwa mtandao kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, si kwa fedha taslimu langoni, kwa hiyo malizia malipo nyumbani. Hapo bwawani hushuki garini, basi chukua darubini, maji ya kunywa na gari lenye vioo vinavyofunguka vizuri. Anayependa kunyoosha miguu asubiri afike kwenye eneo la kumbukumbu ya pembe za ndovu zilizochomwa na serikali mwaka 1989 kupinga ujangili, ambako kushuka kunaruhusiwa. Eropleni za Wilson, uwanja wa ndege ulio jirani, hupita juu mara kwa mara, na mwenye kutaka kimya kamili hatakipata mahali popote upande huu wa mbuga.

Kwa wapenda ndege naipa Hyena Dam nyota tano bila kusita, hasa kati ya Novemba na Aprili ndege wahamiaji wanapokuwapo. Kwa anayetaka viboko na mamba naipa tatu, na ninamwelekeza mashariki, Athi Basin Dam, ambalo ni kubwa zaidi, mradi aondoke hapa kabla ya saa 4, maana mwendo ni mrefu na barabara ni ya vumbi.