Tozo ya ulinzi na usafi katikati ya Cape Town: tathmini ya mpangaji

Bili ya manispaa ya mwenye jengo lililo katikati ya Cape Town, mbali na kodi ya majengo, maji na taka, huwa na mstari mmoja zaidi: tozo ya wilaya ya uboreshaji, yaani eneo lenye mpaka wake ambalo wenye majengo hulipia huduma za ziada. Jiji huikusanya pamoja na malipo mengine, kisha huikabidhi kwa Cape Town Central City Improvement District, taasisi isiyogawana faida iliyoanzishwa Novemba 2000, nayo huitumia kulipia walinzi, usafi, matengenezo madogo ya barabara na huduma kwa watu wanaolala mitaani. Mimi sina jengo. Ni mpangaji, na tozo hiyo nailipa ikiwa imeshajumlishwa ndani ya kodi ya pango, kwa hiyo nimeitathmini kama mtumiaji wa huduma, kwa faida ya ndugu wa Afrika Mashariki wanaofikiria kupanga au kununua nyumba eneo hilo.

Anayetoka Dar es Salaam asidhani kwamba ni ile hela ya ulinzi shirikishi inayopitishwa nyumba kwa nyumba, ambapo mwenye kutoa hutoa na asiyetaka hujifanya hayupo. Kifungu cha 22 cha sheria ya Afrika Kusini ya mwaka 2004 inayohusu kodi za majengo za manispaa kinataka wengi wa wale watakaotozwa waridhie kwanza. Wakisharidhia na baraza la jiji likapitisha, kila mwenye jengo ndani ya mpaka hulipa, hata aliyekataa. Lengo ni kuondoa tabia ya wachache kugharimia ulinzi unaofaidiwa na mtaa mzima. Kiasi hufuata thamani ya jengo, na hapo naona haki zaidi kuliko New Orleans, ambako wilaya nyingi za ulinzi hutoza kiwango kimoja kwa kiwanja, mwenye kibanda na mwenye kasri wakilipa sawa.

Kuhusu ulinzi, mnunuzi aelewe mapema anachonunua. Walinzi hao wapo saa 24, lakini si polisi. Ni waajiriwa wa kampuni binafsi, na mamlaka yao ya kukamata hayazidi sana yale ya raia wa kawaida, yaani kumzuia mhalifu waliyemshuhudia na kumkabidhi polisi. Hawapelelezi kesi wala hawachukui maelezo. Faida yao ni kuonekana na kufika upesi. Usiku wa Ijumaa katika Long Street, baa zinapofungwa na vijana wa kupora simu wanapoanza kuwafuata walevi, mlinzi mwenye kizibao cha reflekta anayesimama kwenye kona huwafanya wahame. Wengi huhamia mtaa wa pili, na hiyo si dawa ya uhalifu. Hata hivyo, kwa mtu anayerudi nyumbani kwa miguu saa sita usiku, kona hiyo moja ina thamani yake.

Kwa maoni yangu, fedha ya tozo inaonekana zaidi chini, barabarani, kuliko kwa walinzi. Mvua za Cape Town hunyesha majira ya baridi, hasa kati ya Juni na Agosti, na mfereji ulioziba kwa majani na vichungi vya sigara hugeuza njia panda kuwa bwawa kwa dakika chache. Kazi ya kuzibua mifereji, kufuta michoro ukutani na kuziba mashimo madogo hufanywa kwa ushirikiano na Straatwerk, shirika linalowapa vibarua watu wasio na ajira, wakiwamo waliowahi kulala mitaani. Ukiwatazama wakifanya kazi, mmoja huinua kifuniko kwa nondo, mwingine hushuka na koleo, wa tatu hupakia tope kwenye mifuko na kufagia pembeni ili wapita njia wasilikanyage. Usafi wa kawaida wa Jiji bado upo. Hii ni nyongeza juu yake, na tofauti huonekana mara tu unapotoka nje ya mpaka.

Huduma za jamii nazipa alama za wastani. Wafanyakazi wa taasisi ya wilaya huwafuata watu mitaani na kuwaelekeza kwenye makazi ya muda, nia njema isiyo na shaka. Lakini vitanda ni vichache kuliko wahitaji, na tozo ya majengo haiwezi kufidia uhaba wa nyumba wa jiji zima. Chini ya madaraja ya Foreshore, eneo lililo karibu na bandari, wamekuwa wakiishi kwa miaka mingi vijana kutoka Dar es Salaam wanaotafuta meli ya kuzamia, na kwa kijana wa namna hiyo, asiye na karatasi, kuelekezwa kwenye ofisi ya serikali ni sawa na kuambiwa ajifiche vizuri zaidi. Kiswahili hicho hicho utakisikia Greenmarket Square kwa Wakongo wanaouza vinyago, na kwao wanaolipia meza zao, uwanja safi na wenye ulinzi ni biashara.

Malalamiko yangu makubwa yanahusu kura. Mwanachama mwenye sauti kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa taasisi hiyo ya wilaya ni mwenye jengo. Mpangaji, ambaye mara nyingi ndiye anayebeba gharama mwishoni, hana. Sheria yenyewe inakataza utaratibu huu usitumike kuimarisha tofauti za kimaendeleo zilizokwishakuwapo ndani ya manispaa, lakini katika jiji lenye wilaya za aina hii zaidi ya 40, anayeweza kujiongezea huduma ni yule ambaye mtaa wake una majengo ya kutozwa. Kwa anayenunua, tozo hii ina thamani yake, mradi aombe uanachama mara moja, kwa sababu kulipa peke yake hakumpi kura. Kwa anayepanga, amuulize mwenye nyumba kabla ya kusaini mkataba kama tozo imo ndani ya pango au itadaiwa kando.