Pampu ya petroli kwa gari linaloogelea: ya mapigo au ya umeme?

Karibuni. Mezani kuna pampu mbili za magari ya magurudumu sita au manane yanayoingia majini, kama yale ya kampuni ya Argo yenye injini za kabureta. Hii bapa ni ya mapigo, haina waya hata mmoja. Inaendeshwa na mapigo ya hewa kutoka krankikesi, yaani kasha la chini la injini lenye oili. Hii ya mraba ni ya umeme, volti 12.

Kabla hujateremka kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, Nairobi, kununua yoyote, hakikisha pampu ndiyo mbovu. Gari likienda kidogo kisha likazima, legeza kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa ndani, tundu la kupumulia limeziba. Pampu haina kosa. Likizima kila tangi linapofika nusu, kagua paipu ya kunyonyea iliyo ndani ya tangi. Ikipasuka pale juu, mafuta yakishuka chini ya ufa inavuta hewa tupu.

Kama huko ni salama, chomoa paipu ndogo ya mapigo uitazame ndani. Oili kidogo si neno. Ikitoka petroli, kiwambo cha pampu, ule utando wa ndani, kimetoboka, na petroli inaingia kwenye oili. Vuta dipstiki uinuse: itanuka petroli, na kiwango cha oili kitakuwa kimepanda. Usiwashe injini. Badilisha pampu, na oili pia.

Sasa hii ya umeme. Kizuri chake ni kwamba gari lililokaa wiki nzima linawaka bila kuchosha stata. Lakini kabureta inataka presha ya psi 2 hadi 4 tu. Ukiuziwa ile ya injini ya injeksheni, inayozidi psi 40, itashinda sindano inayofunga petroli kwenye kabureta, na petroli imwagike. Na hapa ndipo ninapoiogopa: bodi ya gari hili ni beseni lililozibwa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unalala sakafuni ukingoja cheche. Kwa hiyo weka fyuzi, relei, na swichi ya presha ya oili ili pampu isimame yenyewe injini inapozima. Ziba pia tundu la mapigo kwenye injini.

Mimi naichagua ya mapigo. Mshale ulio kwenye pampu uelekee kabureta, paipu mpya za petroli, klipu kila mwisho. Washa kwanza nchi kavu, kizibo cha chini ya bodi kikiwa wazi, ukague kila kiungo kwa kitambaa kikavu.