Nyota tatu kwa boti ya polepole ya Goma–Bukavu

Natengeneza simu mtaa wa Birere, hapa Goma, mashariki mwa Kongo. Meza yangu haizidi upana wa mlango, na tangu saa mbili asubuhi hadi giza liingie nasikia milio ya simu za watu wengine. Nasema hivi mapema msije mkasema nimejificha: mimi nakula kwa sababu watu hawawezi kukaa nusu siku bila simu, na leo nataka kusifu boti ambayo ndani yake nilikaa nusu siku bila simu.

Kwenda Bukavu kwa maji, juu ya Ziwa Kivu, una njia mbili. Boti ya mbio inakufikisha kwa saa tatu hivi. Ya pili ni ile kubwa ya polepole inayobeba watu pamoja na magunia, kreti za bia na, siku yangu, mbuzi mmoja aliyelalamika mpaka mwisho. Tuliondoka saa mbili kasoro asubuhi, tukafunga kamba Bukavu saa nane. Bei siandiki maana inabadilika kila mazutu, yaani dizeli, yakipanda; jua tu kwamba ya mbio ni ghali zaidi, tena kwa mbali. Jina la boti naliacha pia, kwa kuwa kuna mahali huko chini nitaisema.

Mimi ni mtu wa boti ya mbio. Ya polepole nilikuwa nimeipanda mara moja tu, Mei 2021, Goma ilipoamriwa kuhama baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, na safari ile siihesabu. Tulibanana kama sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kwenye beseni, kila mtu macho kwenye simu akitafuta habari za mtaa alioacha ukitetemeka. Safari hii kilichonipeleka ni godoro. Yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, anakaa Kadutu, Bukavu, amejifungua mtoto wa nne, na mimi kwa kujionyesha nilimnunulia godoro ambalo boti ya mbio ilinikatalia palepale bandarini.

Ndani kuna ukumbi wa viti na televisheni, nje kuna sitaha yenye mabenchi. Televisheni ilikuwa inapiga muziki kwa sauti ya kuwashinda watu waliolala, na waliolala walikuwa wengi. Nikatoka nje, nikaegemea godoro langu.

Saa ya kwanza ni ya aibu. Mtandao wetu unafifia, mara unapata ujumbe wa kukukaribisha Rwanda, mara hakuna kitu. Na mkono unaendelea kwenda mfukoni wenyewe. Nilijikamata nikitoa simu mara kumi na moja kabla hatujafika usawa wa Minova, na mara zote hapakuwa na kitu cha kuangalia. Nilikuwa nawasha kioo na kukizima. Wateja wangu wakifanya hivyo mbele ya meza huwa nawacheka.

Hapo nikakumbuka utafiti wa Timothy Wilson na wenzake, Marekani, uliochapishwa 2014. Waliwaacha watu peke yao chumbani dakika 15, hakuna simu, hakuna kitabu, wakae na mawazo yao tu. Kulikuwa na kitufe cha kujipiga shoti ya umeme, shoti ambayo walikuwa wameshaionja na kusema wangelipa ili wasiionje tena. Wanaume 12 kati ya 18 walijipiga. Wanawake walikuwa 6 kati ya 24. Mimi shoti naijua kwa vidole, ndiyo maana niliposoma habari hiyo mara ya kwanza nilicheka sana. Juu ya boti, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kuwashia simu isiyo na mtandao, sikucheka.

Nikaipeleka simu ndani ya foronya ya godoro, chini kabisa, nikafunga zipu.

Saa ya pili na ya tatu ndizo ningelipia tena. Kushoto Idjwi, kile kisiwa kikubwa, inapita, inapita, haiishi. Kulia milima ya Kalehe inashuka mpaka majini. Wavuvi wa sambaza walikuwa wameshamaliza usiku wao. Mitumbwi yao mitatu mitatu iliyofungwa pamoja, na ile miti mirefu iliyochongoka mbele na nyuma, imelala karibu na ufuko kama panzi. Akili ikaanza kuzurura. Nilipanga upya majina ya watoto niliosoma nao darasa la nne, benchi kwa benchi, nikakwama kwa mmoja. Nilihesabu ni mabati mangapi yangetosha kuezeka boti nzima. Upuuzi mtupu, na ulinistarehesha ajabu.

Kisha nikafika kwenye gesi. Kila mtu wa Goma anajua ziwa hili lina gesi, tunaitumia kutishana. Kina chake ni kama mita 480, na huko chini metani na kaboni dioksaidi zimeyeyuka ndani ya maji, zimeshikwa na uzito wa maji yaliyo juu, kwa sababu maji ya chini na ya juu hayachanganyiki. Upande wa Karongi, Rwanda, wanaitoa metani na kuifanya umeme. Kilichonivutia kama fundi ni namna inavyopanda. Wanashusha bomba hadi chini, wanayavuta maji kidogo kuyaanzisha, na yakifika mahali uzito umepungua gesi inatoa mapovu yenyewe na kuyasukuma juu. Baada ya hapo maji yanapanda bila kuvutwa. Nilikaa na bomba lile muda mrefu, nikilichora kichwani, nikitafuta valvu ningeiweka wapi.

Kutoka kwenye bomba, bila kujua nimepita wapi, nikajikuta nimesimama mbele ya mama mmoja mteja wangu.

Aliniletea simu iliyogoma kuwaka. Ndani mlikuwa na sauti za marehemu mume wake, zile ujumbe za kusema. Alinieleza hilo mara mbili. Mimi nilikuwa na foleni, nikaisafisha simu yote kwa njia ya mkato, ikawaka, sauti zikaenda. Nikamwambia zilikuwa zimeharibika tangu mwanzo. Alinishukuru na kunilipa. Hiyo ni miezi saba, na kwa miezi saba sijamfikiria dakika moja, maana mezani kwangu hakuna dakika ya namna hiyo.

Wapo watafiti wengine wa Marekani, Killingsworth na Gilbert, waliochapisha 2010 kwamba karibu nusu ya muda akili ya mtu haiko kwenye anachofanya, na ikizurura mtu huwa na furaha kidogo kuliko akitulia kwenye kazi yake. Nawaamini. Saa ya nne sikuwa na furaha hata chembe. Ila sikukata tiketi ya furaha, nilikata ya Bukavu.

Sasa lawama. Choo, usiulize. Chakula kilikuwa chai na mandazi ya jana, beba vyako. Lakini nyota mbili nimezinyima kwa jambo jingine: jaketi za kuelea zilikuwa juu ya vichwa vyetu, zimefungwa kwa kamba fundo ambalo mimi, mwenye vidole vya kushika skrubu za simu, lingenichukua dakika tano. Nilijaribu. Mfanyakazi akaniambia niziache, zitapotea. Baada ya watu tuliowazika kwa ile boti iliyozama karibu na bandari ya Kituku, Goma, Oktoba 2024, fundo hilo halina maelezo. Ukipanda, liulizie kabla hamjaondoka, na uulize kwa sauti.

Ukitoka Goma kaa kulia, jua la asubuhi linapiga kushoto.

Bukavu ilipotokea na vidole vyake vitano ndani ya maji, watu wakaamka, milio ikaanza pande zote. Nikafungua zipu. Ujumbe thelathini na nne. Nilimpigia yule mama kabla ya kusoma hata mmoja, nikiwa bado kwenye ngazi, mbebaji ameshika godoro upande wa pili. Nilimweleza ilivyokuwa. Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika tena. Halafu akasema, "Nilijua, mwanangu. Unarudi siku gani?"

Nikamwambia Alhamisi, kwa boti ya polepole.