Skii Garmisch, Kisha Jiji la München: Tathmini ya Likizo ya Baridi kwa Msafiri wa Kampala

Likizo tuliyouziwa na wakala mmoja wa safari hapa Kampala ilikuwa na sehemu mbili: kujifunza skii, yaani kuteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu za miguuni, katika mji wa Garmisch-Partenkirchen, chini ya milima ya Alps kusini mwa Ujerumani, kisha kutembelea jiji la München kabla ya kurudi Entebbe. Niseme mapema kwamba ningeinunua tena, ila si kwa mpangilio ule. Sehemu ya mlimani ilijazwa vitu ambavyo mtu anayeanza hana namna ya kuvitumia, na sehemu ya jiji, ambayo ndiyo iliyotufurahisha zaidi, ikaachiwa masazo ya muda.

Tuanze na usafiri, kwa kuwa hapo ndipo fedha zilipovuja kwanza. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Entebbe hadi München. Abiria hubadilisha Brussels, Istanbul, Doha au kwingineko, na hilo halina lawama. Lawama ni gari la kukodi lililotuchukua uwanja wa ndege hadi Garmisch kwa bei ya kushtua, ilhali treni ya jiji hutoka uwanjani hadi kituo kikuu cha München kwa dakika 40 hivi, na kutoka hapo treni ya mkoa hufika Garmisch kwa muda usiozidi saa moja na nusu. Ipo pia tiketi ya siku iitwayo Bayern-Ticket, ambayo kundi la hadi watu watano huweza kuitumia pamoja katika treni zote za mkoa, mradi siku za kazi wasianze safari kabla ya saa tatu asubuhi. Wakala hakuitaja hata mara moja.

Baadhi ya wenzetu waliogopa kukosa hewa milimani. Hofu hiyo haikuwa na msingi, kwa sababu mji wa Garmisch uko mita 700 hivi juu ya usawa wa bahari, yaani chini kuliko Kampala, ambayo iko karibu mita 1,200. Hata Zugspitze, mlima mrefu kuliko yote Ujerumani, una mita 2,962 tu, wakati kilele cha Margherita katika Rwenzori yetu kina mita 5,109. Lililo geni kwa mtu wa kwetu ni majira yenyewe: mwezi Januari jua huchomoza karibu na saa mbili asubuhi na kuzama karibu na saa kumi na moja jioni, na sisi tuliozoea mchana wa saa kumi na mbili mwaka mzima tulijikuta tukiharakisha kila jambo.

Mafunzo ya skii yenyewe nayapa alama za juu. Duka la kukodisha vifaa lilikuwa karibu na lifti ya kupandisha watu mlimani, na kijana aliyetuhudumia alikuwa na subira ya ajabu. Karatasi ya maelekezo ya wakala ilituambia tuvae soksi mbili mbili. Kijana yule akatutaka tuzivue zote, akatupa jozi moja nyembamba ndefu ya kufika chini ya goti, kwa kuwa soksi zikijikunja ndani ya kiatu kigumu cha skii hubana damu, na mguu huzidi kuganda. Kisha akafunga vifungo vya chuma kimoja kimoja kuanzia juu, akamwambia kila mmoja akunje goti mbele kidogo, akauliza kama kisigino kinanyanyuka. Kikinyanyuka, kiatu kilirudishwa rafuni bila mjadala. Kutembea na viatu hivyo ni adha, lakini ndivyo vinavyoigeuza skii, na asiyefungwa vizuri hataweza kuiongoza hata akifundishwa na bingwa.

Uwanja wa mazoezi uko chini ya mlima wa Hausberg, wenye mteremko mpole na mkanda unaotembea ambao humpandisha mwanafunzi akiwa amesimama. Mwalimu wetu alizungumza Kiingereza chepesi na alianza na skii moja mguuni, mguu mwingine ukisukuma, hadi kila mtu alipozoea kuteleza. Ndipo akatufundisha kusimama: ncha za mbele zikaribiane bila kugusana, visigino vitanuke, magoti yaelekee ndani, na uzito ubaki mbele. Mwili unaoogopa huegemea nyuma, na ukiegemea nyuma skii hukimbia zaidi. Kulielewa hilo kwa akili ni kazi ya dakika moja. Kulifanya ukiona mteremko mbele yako ni jambo jingine kabisa.

Sasa fikiria kwamba kifurushi chetu kilijumuisha tiketi kamili ya lifti za eneo zima, pamoja na njia za Kreuzeck na Alpspitze na ule mteremko wa Kandahar unaotumika kwa mashindano ya Kombe la Dunia la skii. Njia za Ujerumani hutambulishwa kwa rangi, buluu kwa rahisi, nyekundu kwa wastani na nyeusi kwa ngumu, na mwanafunzi wa siku za mwanzo akifika kwenye buluu ndefu amefanya vema. Vituo vingi huuza tiketi nafuu ya eneo la mazoezi peke yake. Kutuuzia ile kubwa bila kuuliza kama kuna aliyewahi kuvaa skii ni biashara isiyomjali mteja.

Kwa asiyetaka kuteleza, siku ya mlimani haipotei. Shangazi, ambaye alikataa viatu vile baada ya kuvishika tu, alipanda Zugspitze kwa treni ya meno, yaani yenye gurudumu la meno linaloshika reli mlimani, iliyoanza kazi mwaka 1930 na kuteremka kwa gari la kebo lililofunguliwa mwaka 2017, akatuzidi sote kwa picha na hadithi. Kule juu kuna mabaki ya barafu ya kudumu yanayozidi kupungua. Mwaka 2022 wataalamu waliondoa sehemu ya kusini ya Schneeferner katika orodha ya barafuto za Ujerumani, habari ambayo wakazi wa Kasese, chini ya Rwenzori, wataielewa bila ufafanuzi.

München ilistahili muda mrefu zaidi. Katika Marienplatz, saa tano asubuhi na saa sita mchana, kengele za jumba la manispaa hulia na sanamu zake huzunguka zikiigiza harusi ya mtawala ya mwaka 1568 na ngoma ya watengeneza mapipa, na kutazama ni bure. Siku ya Jumapili maduka hufungwa, jambo ambalo wakala hakutuambia ingawa ndiyo siku aliyotupangia ya manunuzi. Lakini Jumapili hiyohiyo makumbusho ya sanaa ya Alte Pinakothek hutoza euro moja tu. Deutsches Museum, lililo kwenye kisiwa cha mto Isar, linataka siku nzima, hasa ukiwa na watoto wanaopenda mashine. Kuhusu chakula, nyama ya nguruwe imo katika vyakula vingi, hata katika soseji nyeupe zinazosifiwa sana. Waislamu watapata halali kwa wingi kwenye mitaa ya kusini ya kituo kikuu, ambako kuna migahawa mingi ya Waturuki na Waarabu.

Mavazi yasikutishe. Makoti mazito wanayovaa waendesha boda boda alfajiri yanatoka kwenye mitumba ileile ya soko la Owino, na ukichimba kwa subira utapata hata suruali za skii zisizopitisha maji. Glavu na miwani ya theluji ndivyo vitu ambavyo ningenunua vipya. Bima ya viza ya Schengen, ile ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, lazima ifikie euro 30,000, lakini uliza kwa maandishi kama inagharimia ajali ya skii na uokoaji mlimani, kwa kuwa bima nyingi za kawaida huiacha nje michezo hiyo.

Muda mzuri wa kwenda ni baada ya tarehe 6 Januari, sikukuu ambayo Bavaria, jimbo lenye Garmisch na München, huiadhimisha na ambayo ikipita wenyeji hurudi kazini na watoto shuleni, bei za hoteli hupungua, na foleni za lifti hufupika, wakati watoto wetu bado wako katika likizo ndefu. Maombi ya viza hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, kwa hiyo wa Januari anaweza kuanza tangu Julai.